Kwa nini meli hii ya kitalii huingia bandarini na ile hubaki nje: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Bandari ikiwa kubwa na ya kisasa, si inapokea meli yoyote?

Hapana. Ukubwa wa bandari hauamui peke yake. Kinachoamua ni sehemu yake inayobana zaidi. Gati linaweza kuwa na urefu wa mita 500 na kina cha mita 15, lakini njia ya kulifikia ikipita chini ya daraja lenye nafasi ya mita 50, meli yenye kimo cha mita 60 haifiki. Anayepanga safari huanza kwa kutafuta mahali hapo panapobana: ni kina, ni daraja, ni eneo la kugeuzia, ni nguzo za kamba, ni sheria, au ni idadi ya mabasi?

Bandari kubwa ya makontena inaweza kabisa kuwa mbaya kwa watalii. Kina chake kimechimbwa kwa meli zinazozama mita 14 hadi 16, ambacho meli ya kitalii haikihitaji. Juu ya gati kuna reli za kreni na magari ya mizigo, abiria hawaruhusiwi kutembea kwa miguu, na hakuna ukumbi wa uhamiaji wala mahali pa kupokelea mabegi.

Ni vipimo gani vya meli vinavyotazamwa?

Vitano: urefu, upana, mzamo (yaani kina cha sehemu iliyo chini ya maji), kimo juu ya maji, na tani za ujazo. Icon of the Seas, iliyoanza kazi Januari 2024, ina urefu wa mita 365 na tani za ujazo 248,663, lakini mzamo wake ni mita 9 na ushei tu. Hilo huwashangaza wengi. Meli ya kitalii ni ndefu na ya juu sana lakini si nzito kwa kadiri ya umbo lake, kwa hiyo upepo na madaraja huisumbua mara nyingi zaidi kuliko kina.

Tani za ujazo si uzito. Ni kipimo cha nafasi iliyofungwa ndani ya meli, na hutumika katika kukokotoa ada na kuweka mipaka ya kisheria. Usizitumie kukisia kama meli itagusa chini.

Kina cha maji kinatakiwa kuzidi mzamo kwa kiasi gani?

Kwa zaidi ya vile watu wanavyodhani, kwa sababu meli inayotembea huzama zaidi ya iliyosimama. Maji yanayobanwa chini ya mkuku hukimbia kasi, shinikizo hupungua, na meli hushuka. Mabaharia wana hesabu nyepesi: mwendo kwa fundo (maili za baharini kwa saa), uuzidishe kwa wenyewe, kisha uzidishe kwa mgawo wa umbo la meli (namba inayoonyesha sehemu iliyo majini inakaribia umbo la sanduku kiasi gani), kisha ugawe kwa 100. Jibu ni mita. Ndani ya njia nyembamba, lizidishe mara mbili.

Chukua meli yenye mzamo wa mita 8.5 na mgawo wa umbo wa 0.7. Ikipita kwenye njia nyembamba kwa fundo 10, hushuka mita 1.4. Ongeza mlalo: meli yenye upana wa mita 40 ikilalia upande mmoja kwa digrii 2 tu, ubavu wake mmoja hushuka karibu mita 0.7. Ongeza nusu mita ya tahadhari. Umefika mita 11.1, ilhali karatasi za meli zinasema 8.5. Rubani wa bandari akipunguza mwendo hadi fundo 6, kushuka kule kunakuwa nusu mita na hitaji zima linapungua hadi mita 10.2. Ndiyo maana mwendo wa kuingia bandarini huwekewa kikomo hata pale ambapo hakuna chombo kingine njiani.

Lakini polepole mno nako kuna hatari yake. Meli isiyo na mwendo haishiki usukani vizuri, na upepo wa ubavuni huisukuma nje ya njia. Bandari yenye njia ndefu, nyembamba na iliyo wazi kwa upepo hulazimisha kuchagua kati ya hatari hizi mbili, na hapo ndipo nahodha huamua kuahirisha kuingia au kupita bila kusimama.

Madaraja yanazuia meli kiasi hicho?

Ndiyo, na kwa maoni yetu ndicho kizuizi ambacho abiria hukisahau zaidi. Kina kinaweza kuchimbwa. Daraja haliinuliwi kirahisi.

Tampa, Florida, iko ndani ya daraja la Sunshine Skyway lenye nafasi ya mita 55 hivi, kwa hiyo meli kubwa kabisa za kizazi hiki hazianzii safari hapo. Huenda Miami au Port Canaveral, ambako hakuna daraja kati ya gati na bahari. Sydney ina vituo viwili: White Bay, kilichofunguliwa 2013, kiko nyuma ya Harbour Bridge yenye nafasi ya mita 49, na kile cha Circular Quay kiko mbele yake. Meli ndogo hupelekwa White Bay, meli ndefu kwa kimo hubaki Circular Quay. Vancouver, ambako gati la Canada Place liko ndani ya Lions Gate Bridge yenye nafasi ya mita 61, husumbuka vivyo hivyo.

Japani ilipata somo lake mara mbili. Yokohama ina gati zuri la Osanbashi, lakini njia yake hupita chini ya Bay Bridge yenye mita 55, kwa hiyo 2019 kituo cha Daikoku kilifunguliwa kwa ajili ya meli zisizoweza kupita. Tokyo nayo, yenye Rainbow Bridge ya mita 52, ilifungua kituo kipya nje ya daraja mwaka 2020. Singapore kizuizi hakikuwa hata daraja: ni nyaya za vibanda vya angani vinavyokwenda Sentosa, vilivyoweka kikomo cha mita 52 kwenye kituo cha zamani. Kituo cha Marina Bay kilichofunguliwa 2012 kiko mbali na nyaya hizo.

Wakati mwingine meli ndiyo inayobadilishwa. Bomba la moshi la Queen Mary 2 lilifanywa fupi ili meli ipite chini ya daraja la Verrazzano-Narrows kuingia New York. Oasis of the Seas yenye kimo cha mita 72 ilijengwa Finland, na njia ya kutoka Baltiki hupita chini ya daraja la Storebælt lenye mita 65. Mabomba yake hujikunja ndani kama darubini, na ilipopita 2009 iliongeza mwendo ili ishuke kidogo zaidi majini. Kule kushuka kunakoogopwa kwenye kina, hapa kulisaidia.

Kumbuka pia kwamba nafasi ya daraja hubadilika na maji. Ile iliyoandikwa kwa kawaida ni ya maji kujaa. Maji yakipwa unapata mita kadhaa zaidi. Meli inayopita kwa maji kupwa tu hulazimika kupanga saa za kuingia na kutoka kwa kufuata maji, na abiria huona ratiba ya ajabu ya kung'oa nanga saa tisa usiku bila kuelewa sababu.

Gati ni refu kuliko meli. Kwa nini bado halifai?

Kwa sababu kamba za omo na za tezi haziendi wima. Hutoka mbele na nyuma kwa pembe. Meli ya mita 300 huhitaji nguzo zilizosambaa mita 20 hadi 30 zaidi kila upande. Nguzo zenyewe nazo zina nguvu yake. Zile za zamani zilijengwa kwa mvuto wa tani 30 au 50, na meli kubwa ya leo hutaka tani 100 au zaidi kwa kila nguzo. Nguzo dhaifu ikifungwa kamba nne, inaweza kung'oka na zege lake kabla kamba haijakatika.

Kisha kuna fenda, ile mipira mikubwa kati ya ubavu na gati. Ikiwa midogo, shinikizo hukusanyika mahali pamoja na bati la ubavu hubonyea. Ikiwa juu mno, hugusa boti za kuokolea zinazoning'inia nje ya ubavu. Na milango ya kushukia haiko mahali pamoja kwa kila meli: nguzo au kreni ikiwa mbele ya mlango, hakuna anayeshuka hadi meli isogezwe.

Upepo wa kawaida tu unaweza kuizuia meli yenye injini kubwa hivyo?

Piga hesabu. Meli kubwa ina ubavu wa mita za mraba 12,000 hivi juu ya maji. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ukiupiga ubavu huo moja kwa moja, nguvu yake ni karibu tani 75. Upepo ukiongezeka maradufu hadi mita 20 kwa sekunde, nguvu haiongezeki maradufu bali mara nne: tani 300. Oasis of the Seas ina rafadha (propela) nne za ubavuni omoni, kila moja megawati 5.5, na tatu kubwa nyuma zinazozunguka digrii 360, na bado ina kikomo.

Hapa bandari mbili zenye vipimo sawa hutofautiana. Gati lililolala sambamba na upepo uliozoeleka huruhusu kazi siku nyingi. Lililokatiza upepo hupoteza ziara. Upepo unaosukuma meli kuelekea gatini ni hatari kuliko unaoiondoa, kwa maana ukizidi huwezi kujinasua bila tagi (boti za kuvuta na kusukuma meli), na kugonga ni kwa ubavu mzima. Kwa hiyo muulizaji makini haulizi tu kama bandari ina tagi. Huuliza ni ngapi, zina mvuto wa tani ngapi, na zinafika kwa dakika ngapi.

Eneo la kugeuzia nalo huingia hapa. Kwa kawaida hutakiwa duara lenye kipenyo cha mara 1.5 hadi 2 ya urefu wa meli. Meli zenye rafadha zinazozunguka huridhika na pungufu upepo ukiwa mtulivu, lakini ratiba haipangwi kwa siku tulivu peke yake.

Maji kujaa na kupwa huathirije abiria aliyekwisha kufika gatini?

Kupitia ngazi ya kushukia. Saint John, Kanada, kwenye Ghuba ya Fundy, maji hupanda na kushuka kwa karibu mita 8. Asubuhi unashuka kupitia mlango wa sitaha moja, mchana mlango huo uko chini ya uso wa gati na ngazi imehamishiwa sitaha za juu. Wafanyakazi hulegeza na kukaza kamba siku nzima. Liverpool walitatua jambo hilo kwa gati linaloelea, linalopanda na kushuka pamoja na meli. Bandari isiyo na ngazi ndefu zinazorekebishika hulazimika kusimamisha kushuka kwa muda, na anayetumia kiti cha magurudumu ndiye anayeumia kwanza, maana mteremko huwa mkali. Wakati wa bamvua (mwezi mwandamo na mwezi mpevu) tofauti huwa kubwa zaidi, wakati wa maji mafu (kati ya vipindi hivyo) huwa ndogo.

Kwa nini baadhi ya bandari hutuvusha kwa boti?

Kwa sababu hakuna gati linalotosha, au hakuna kabisa. George Town, Grand Cayman, ni hivyo, na wapiga kura huko walikataa ujenzi wa gati la meli za kitalii Aprili 2025.

Santorini, kisiwa cha Ugiriki, ni tatizo la aina yake. Meli husimama ndani ya shimo la volkeno lenye kina cha mita mia tatu na zaidi sehemu nyingi, wakati mashine ya nanga husanifiwa kuinua nanga kutoka kina cha mita 80 na kitu. Hakuna pa kutia nanga, kwa hiyo meli hushikilia mahali pake kwa injini au hufungwa kwenye boya. Abiria hupelekwa kwa boti hadi chini ya mji wa Fira ulio juu ya mwamba, na kutoka hapo ni kigari cha kamba au ngazi za mawe.

Meli kubwa hupata taabu zaidi kwenye bandari za namna hii. Chukua abiria 3,000, boti nne za watu 120, kila moja ikizunguka kwa dakika 30: ni watu 960 kwa saa, zaidi ya saa tatu kuwateremsha wote, na muda kama huo kuwarudisha. Ziara ya saa nane imebaki na saa mbili kwa yule wa mwisho kushuka na wa kwanza kurudi. Meli ya abiria 600 humaliza ndani ya dakika 40. Isitoshe, mawimbi ya mita moja na nusu pembeni mwa jukwaa la kupandia yanatosha kusimamisha zoezi, hata kama jua linawaka.

Bandari ya kuanzia safari inatofautianaje na ya kupitia?

Kwa kazi. Ya kupitia huhitaji gati salama, ngazi, na mabasi: watu 3,000 waliolipia ziara ni mabasi 60 ya watu 50, na yakipangwa vibaya barabara ya mji huziba. Ya kuanzia hushusha watu 5,000 asubuhi na kupakia wengine 5,000 kabla ya jioni, pamoja na vyakula vya wiki nzima, mafuta, na uchafu wa kushusha. Kwa begi moja na nusu kwa kila abiria, ni mabegi 7,500 nje na 7,500 ndani. Huhitaji uwanja wa ndege ulio karibu, maegesho, hoteli, na njia ya malori isiyokutana na ya abiria.

Kosa dogo huchelewesha kila kitu. Kwenye bandari za Marekani meli husubiri hadi hesabu ya wanaopaswa kushuka ifike sifuri. Mtu mmoja aliyelala kibandani anazuia maelfu waliopanga foleni nje.

Sheria zinaingiaje?

Kwa nguvu sawa na kina. Sheria ya Marekani ya 1886 huzuia meli yenye bendera ya kigeni kusafirisha abiria kati ya bandari za Marekani bila kugusa nchi nyingine. Ndiyo sababu safari za Alaska kutoka Seattle husimama Victoria, Kanada, mara nyingi jioni na kwa saa chache tu, na safari za kwenda na kurudi Hawaii kutoka California hupitia Ensenada, Mexico. Pride of America, yenye bendera ya Marekani, huzunguka visiwa vya Hawaii bila kwenda popote pengine.

Venice, tangu 1 Agosti 2021, meli inayozidi tani za ujazo 25,000, au mita 180 kwa urefu, au mita 35 kwa kimo, haipiti mbele ya uwanja wa San Marco. Dubrovnik ilikubaliana na makampuni kikomo cha meli mbili kwa wakati mmoja. Juneau, Alaska, ina kikomo cha meli kubwa tano kwa siku tangu 2024. Bar Harbor, Maine, wapiga kura waliamua 2022 abiria wanaoshuka wasizidi 1,000 kwa siku. Ghuba ya Glacier Bay, Alaska, hupokea meli kubwa mbili kwa siku. Antaktika, meli yenye abiria zaidi ya 500 hairuhusiwi kuteremsha mtu, na hawaruhusiwi kuwa nchi kavu zaidi ya 100 kwa wakati mmoja. Hapo uzuri wa meli kubwa hauna msaada; utaona barafu kutoka sitahani.

Umeme wa nchi kavu na mafuta vinahusikaje?

Meli kubwa ikiwa gatini hutumia megawati 10 hivi kwa taa, viyoyozi na majiko. Ikizima injini zake, gati lazima litoe umeme huo kwa volti 6,600 au 11,000. Juneau ilianza 2001. Tatizo la Ulaya ni kwamba gridi yake ni ya hezi 50 ilhali meli nyingi ni za hezi 60, kwa hiyo huhitajika mtambo wa kubadilisha, na huo ni ghali. Tundu la meli nalo lazima lilingane na mkono wa kebo wa gati. Likiwa ubavu wa pili, meli hugeuzwa kabla ya kufungwa. Norway imeamua kwamba kwenye fyodi zake (ghuba nyembamba kati ya milima) za urithi wa dunia, meli za abiria zilizo chini ya tani za ujazo 10,000 zisitoe hewa chafu kuanzia 2026, na kubwa zaidi kuanzia 2032.

Meli za gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika, kama AIDAnova ya 2018, huchagua bandari ya kuanzia yenye tishari la kujazia gesi.

Mifereji je?

Mfereji wa Panama wa zamani uliamua umbo la meli kwa miongo: upana usizidi mita 32.31, urefu mita 294.13. Malango mapya ya 2016 yamefungua njia kwa meli pana, lakini Daraja la Amerika bado liko pale, mita 61 juu ya maji. Mfereji wa Kiel una kikomo cha kimo cha mita 40. Wa Korintho, Ugiriki, ni mwembamba hata meli ya Braemar yenye upana wa mita 22.5 ilipopita Oktoba 2019 ilikuwa tukio.

Kwa nini meli ndogo hufika katikati ya mji?

Kwa sababu mji mkongwe ulijengwa mtoni. Kwa Bangkok meli kubwa huishia Laem Chabang, kwa Ho Chi Minh huishia Phu My, kwa Seville huishia Cádiz, kwa London huishia Tilbury au Southampton. Mwendo wa basi kutoka hapo unaweza kula saa tatu au nne kwa siku. Meli ndogo hupanda mto hadi mjini.

Bandari inaweza kubadilishwa ifae?

Inaweza, kwa pesa na muda. Labadee, Haiti, ilijengewa gati kwa ajili ya meli za aina ya Oasis. Geiranger, Norway, ina gati linaloelea ambalo hukunjuliwa hadi kwenye meli na kukunjwa tena ikiondoka, nalo tunaliona kuwa suluhisho bora kwa mahali penye mandhari ya kulindwa. Kuchimba kina ndilo jambo linalofikiriwa kwanza, lakini matope hurudi, na uchimbaji huharibu matumbawe. Ukichimba mita moja mbele ya gati la zamani bila kukagua misingi yake, ukuta unaweza kuinama.

Ninachagua safari. Nitazame nini?

Andika jina la meli na utafute urefu, kimo na idadi ya abiria. Kisha kwa kila bandari kwenye ratiba tazama kama imeandikwa gati au boti. Kama ni boti na meli ina zaidi ya abiria 2,500, panga shughuli moja tu, na chukua namba ya boti mapema asubuhi. Tazama jina halisi la bandari: "Roma" ni Civitavecchia, kilomita 70 hivi kutoka jijini, na "Paris" ni Le Havre. Hesabu saa zilizobaki baada ya kutoa za njiani. Tazama meli nyingine ngapi zimepangiwa siku hiyo. Bandari nyingi huchapisha kalenda. Usinunue tiketi ya ndege ya saa sita mchana siku ya kurudi kwenye bandari yenye njia ndefu au ukungu. Na ikiwa mahali fulani ndipo sababu ya safari yako yote, chagua meli ambayo vipimo vyake viko mbali na kikomo cha bandari hiyo, si ile inayokigusa: inayokigusa ndiyo ya kwanza kupita bila kusimama upepo ukivuma.